Kikohozi Kwenye Ghala la Makaa

Siku ya tatu baada ya meli kupewa jina jipya, Quash alisikia mtu akikohoa nyuma ya lundo la makaa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha mtu anayejizuia asisikike. Akamulika taa, hakuona mtu. Akashika beleshi lake akaendelea kuchota, maana aliyechoka kiasi kile hana nafasi ya kuogopa kila kitu.

Meli hiyo iliitwa Lady Corbin ilipokuwa, katika vita hivi vya Marekani, ikizipenya manowari za Kaskazini zilizoziba bandari, kuwaingizia Waasi wa Kusini bunduki na kutoka na pamba ya Wilmington. Ikakamatwa na Kaskazini, ikafungwa mizinga sita, ikapakwa jina la Tamsett, ikatumwa kuwawinda wenzake wa zamani. Siku za kwanza mabaharia walilicheka jambo hilo. Kisha wakachoka kucheka. Mawimbi yaleyale, biskuti ngumu zilezile, nyama ya chumvi, na sasa harufu ya salfa iliyopanda kutoka ghalani hata jua likiwa utosini.

Quash aliijua harufu hiyo, kwa kuwa alikuwa mtumwa bandarini Wilmington kabla ya kutorokea upande wa Kaskazini. Kabla meli yoyote haijang'oa nanga, Waasi walifunga ghala lake na kuchoma salfa ndani, ili mtumwa aliyejificha kwenye marobota ya pamba atoke mwenyewe. Aliyetoka alichapwa. Asiyetoka alitupwa baharini, meli ikishafika mbali.

Na Minda, mke wake, alijificha kwenye meli. Quash aliambiwa hivyo aliporudi kutoka ngomeni, alikochimbishwa mahandaki mwaka mzima: Minda kajifungua, kangoja wee, mwisho kaingia melini na kichanga mgongoni. Meli gani, hakuna aliyejua. Tangu hapo Quash alijiambia wamefika salama Nassau, visiwani kusiko na utumwa, wanakula machungwa. Bila hilo asingeamka asubuhi.

Siku ya tisa, katikati ya zamu ya mchana, Ned mchochea moto alianguka mbele ya tanuri, ameshika koo, midomo imegeuka buluu.

"Ananinyonya pumzi," alinong'ona. "Jamani, kuna mtu ananinyonya pumzi."

Mpishi, Mzee Titus, mtu wa visiwa vya Carolina, akamvuta Quash pembeni.

"Huyo wa huko chini si wa kufukuzwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ameachwa. Kwetu ukihama unamwita maiti wako kwa jina, fulani, twende, usibaki. Au umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi kamwite."

"Nimwite nani, Mzee? Mie namjua?"

"Tangu juzi wenzio waliotoka utumwani wanashuka kumwita, wamemaliza majina ya bandari nzima. Hannah, Sukey, Juba, wote wameitwa. Wewe peke yako hujafungua mdomo."

Quash alitazama mikono yake. "Nikiita akaitika, mimi nabaki na nini?"

"Sijui, mwanangu," alisema Titus. "Ila Ned hafiki jioni."

Quash akashuka. Kila ngazi aliyokanyaga, harufu ilizidi kumkaba, na kikohozi kikaja juu kumpokea, mara kushoto, mara kulia, mara karibu na shavu lake kabisa, hata akahisi joto la pumzi, akataka kugeuka akimbie arudi kwenye machungwa yake ya Nassau, lakini juu alimsikia Ned akikoroma kama mtu anayezama, naye akapiga magoti juu ya makaa.

"Minda," akasema. "Twende, mke wangu. Usibaki hapa."

Kikohozi kikakatika.

Harufu ya salfa ikapungua, ikaisha. Juu, Ned alivuta pumzi ndefu, na watu wakapiga makelele ya furaha. Quash alilia palepale alipokuwa, kilio cha mtu aliyejidanganya muda mrefu na uongo umemwishia.

"Quash!" Titus aliita kutoka mlangoni. "Amekwenda?"

Kabla hajajibu, kwenye pembe ya giza kitu kilikohoa tena. Safari hii kilikuwa kikohozi chembamba, kidogo, cha kifua kisichozidi kiganja.

Quash akasimama. Akafungua kinywa amwite mwanawe, na hakuwa na jina la kumwita.