Tenti za Matanga

Jua la Ukunda halimhurumii mtu aliyevaa tai, na Alamin alikuwa ameivaa, tena ameikaza. Alisimama mlangoni pa duka la maturubai, shati limemganda mgongoni, amemzibia njia msichana wa buibui jeusi na mtandio wa zambarau.

"Nipishe basi, kaka," alisema Nusaiba. "Ama umewekwa hapa uuzwe?"

"Ukininunua, nina bima tayari."

Nusaiba akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Kwao Mwabungo alikuwa akikodisha tenti, viti na masufuria ya harusi, biashara aliyoisimamisha kwa jasho lake. Alamin wa Kinondo alikuwa wakala wa bima. Haukupita muda, simu ikawa kila asubuhi.

"Umeamkaje, roho yangu?"

"Salama. Leo waja kuniuzia moto au mafuriko?"

"Leo naulizia hali tu."

Mamake Nusaiba hakuyapenda mazungumzo hayo. Kutaja baya ni kuliita, alisema. Nusaiba alikata bima vivyo hivyo. Za kuchagua zilikuwa mbili. Moja ilikinga vitu vikiwa stoo au kwa mteja aliyekodi, nyingine ilikinga popote vilipo, nayo ilikuwa ghali.

"Chukua hiyo ndogo," Alamin alimshauri. "Vitu vyako ama viko stoo, ama viko kwa mteja."

Akatia sahihi, kwa sababu aliyesema ni yeye.

Kisha bibi yake Alamin akafariki. Nusaiba hakungoja kuombwa. Alipeleka Kinondo tenti zote na viti, bure, kama afanyavyo mtu yeyote wa pwani mwenye vitu na mwenye haya. Siku ya hitma upepo ukazoa cheche mekoni. Watu walitoka salama, alhamdulillahi, lakini tenti hazikubaki hata moja. Na Shaabani hiyo imebisha hodi, watu wanawahi kuoana kabla ya Ramadhani, harusi zimemjaa.

Kampuni ya bima iliuliza swali moja tu: nani aliyekodi?

"Sema sisi tulikodi," Alamin alimwambia kwenye simu, sauti ameishusha. "Mimi nitathibitisha. Utalipwa, mpenzi."

"Niseme nilimtoza bibi yako matanga?"

"Ni maneno ya karatasi tu."

"Mungu ataisoma kabla ya kampuni. Na mamako akisikia, nitamtazama kwa uso gani? Ulinichagulia bima, Alamin, na hukuniuliza kama huwa natoa vitu vyangu misibani."

"Nani huuliza kitu kama hicho? Kwetu hiyo si biashara."

"Kweli. Nawe ni wa kwetu. Ulijua."

Akakata simu, akalia. Alilia kwa hasira, maana tenti zina uchungu wake, na mtu uliyemwamini ana wake. Alamin alipiga tena na tena, hakushika. Wenye harusi walipopiga alishika, akawaomba radhi mmoja mmoja.

Ijumaa moja baada ya swala, Alamin alifika Mwabungo, kanzu nyeupe, bila tai. Mbele yake alitangulia mamake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ameniambia alivyotaka useme." Hakumtazama mwanawe. "Nimekuja kukushukuru kwa kukataa."

"Nimeiambia kampuni kweli," Alamin alisema. "Hawalipi."

"Nilijua hawatalipa," Nusaiba alijibu.

"Wazee wangu wanataka kuja kuposa," mama akaendelea. "Lakini nilitaka nisikie kwako kwanza. Wakiuliza mahari, utataka nini?"

Nusaiba alitazama stoo yake isiyo na tenti. Uchungu ulikuwepo bado, na asikudanganye mtu kwamba mapenzi hufuta hasara. Lakini mtu alikuwa amerudi, na kweli yake mkononi.

"Tenti," alisema. "Mahari yangu ni tenti."

Alamin akadakia. "Nitazinunua moja moja. Itachukua muda."

"Nitangoja."

"Na bima nitakuandikia ile kubwa."

"Aa. Mara hii uniulize kwanza."

Alamin alikaa mkekani, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nusaiba, msiba ukitokea kwa watu, wewe hutoa tenti zako bure?"

"Hutoa," alisema. "Hata kwenu."