Mtetemo wa Mia na Kumi

"Kipanga, unawaona?" Mkuu aliuliza redioni.

"Nawaona," Faudhia akajibu.

Land Cruiser nyeupe ilikuwa mbele yake, imesheheni bunduki za magendo, inakimbilia Mlandizi. Faudhia akakanyaga mafuta. Subaru STI ikanguruma. Tisini. Mia.

Mia na kumi.

Mtetemo ukaanza. Usukani ulitulia, lakini kiti na sakafu vilitetemeka mpaka meno yakamgongana.

"Twalibu, ndugu yangu," alisema peke yake, "kumbe ulisema kweli."

Twalibu alikuwa mpelelezi mwenzake. Mwezi uliopita aliwafukuza watu hawahawa kwa gari hilihili. "Gari linatetemeka, napunguza." Ndiyo maneno yake ya mwisho redioni. Alipopunguza, wakamgeukia, wakampiga risasi. Ofisini wakasema alinunuliwa, alipunguza makusudi. Gari lilijaribiwa mjini, kwa mwendo wa mjini, na fundi wa kikosi akasema ni zima. Maneno hayo yakafika kijijini Mzenga, kwa Bi Salama, mama yake. Jamani, msiba haukumtosha mama wa watu?

Faudhia akatoa gia, akaweka nyutro, gari likaserereka lenyewe. Bado linatetemeka. Basi si injini. Matairi alishabadilisha. Iliyobaki ni propela, lile bomba refu la chini linalozungusha magurudumu ya nyuma.

"Mkuu, nimewaachia. Gari linatetemeka."

"Faudhia! Usianze na wewe!"

Akazima redio.

Zubeir, fundi wa kikosi, alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Gereji yake, mtaani Picha ya Ndege, ilikuwa tupu. Faudhia akapiga jeki, akaingia chini na tochi.

Zubeir ana mazoea yake. Kabla hajafungua propela huchora mstari wa rangi ya kucha kukatiza maungio, ili airudishe vilevile ilivyokuwa. Mstari ulikuwepo. Nusu juu, nusu chini.

Propela imefungwa kinyume, ndiyo maana inatetemeka ikikimbia.

Fundi hawezi kuikosa alama aliyoichora mwenyewe. Thubutu!

Zubeir aliporudi, kofia ingali kichwani, alikuta bastola ya Faudhia, Glock, inamtazama.

"Nani alikutuma?"

Akakaa juu ya tairi. "Dada Faudhia, wale wa magendo waliniambia Twalibu atachelewa tu. Wallahi sikujua kama watamuua."

"Na ukamwosha! Uliingia na wanaume ukamwosha maiti, kwa mikono hiyohiyo!"

Zubeir akalia. Faudhia naye machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Bunduki zinashushwa wapi?"

Akataja ghala, nje kidogo ya Mlandizi. Faudhia akawasha redio, akamweleza Mkuu yote.

Alasiri redio ikaita. "Kipanga, tumewakamata wote. Mzigo wote tunao." Mkuu akaongeza: "Tulimkosea Twalibu."

"Mlimkosea sana."

Jioni aliingia Mzenga. Bi Salama alikuwa uani, anamenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Faudhia akamweleza yote, hata la Zubeir hakulificha. Twalibu hakununuliwa. Alisema kweli, hawakumsikiliza.

Kisu kikamponyoka Bi Salama.

"Siku ya mazishi waliniuliza, mama, umemsamehe mwanao? Watu wote wananitazama." Akajifunika uso kwa kanga. "Nilinyamaza, Faudhia. Mwanangu ameingia kaburini bila radhi yangu."

Faudhia akakiokota kisu, akakiweka kando.

"Nipeleke," mama akasema. "Nipeleke nikamwambie."

Faudhia akavaa miwani yake nyeusi, akamshika mkono. Wakapita katikati ya shamba la mihogo taratibu, kwa mwendo wa mama, kuelekea makaburini.