Mablanketi ya Ukutani

Haya yalimkuta shoga yangu, yule mshonaji mjane anayeishi peke yake. Kaseti yenye wimbo wa marehemu mumewe ilisikika kama mtu anayeimbia ndani ya pipa, na sauti nyingine ya kumliwaza hakuwa nayo.

"Chumba chako kitupu, shangazi, sauti inagonga ukuta na kurudi," fundi redio akamwambia. "Tundika mablanketi."

"Kwani redio nayo inasikia baridi?" akacheka.

Akayatundika kwenye kuta zote, hata dirishani. Chumba kikawa giza, kimya kama umeziba masikio kwa pamba. Akawasha. Mume akaimba safi, kama yupo pale kitini. Akalia mpaka wimbo ukaisha, akazima redio.

Nyuma ya blanketi la kona, sauti ile ile ikasema taratibu, "Mama watoto, mbona umeziba? Sasa nitapita wapi?"