Kiungo cha Tano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kufuta vioo vya gari la Baba. Lilikuwa gari dogo la kijivu, la dizeli, na Baba alilifanyia kazi ya teksi hapo Kariakoo. Tulikaa Mtaa wa Narung'ombe, katika nyumba ya vyumba sita na familia nne, na gari lililala mbele ya baraza. Mimi nikifuta vioo, Baba alifungua boneti, akapima oili, akakaza hiki na kile, huku akisemasema peke yake. Mama alikuwa akimtania kwamba gari linapata salamu za asubuhi kabla ya mke.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa cha foleni. Sukari foleni, unga foleni, sabuni foleni. Vipuri vya gari ndiyo usiseme. Jirani yetu alikuwa amepandisha gari lake juu ya mawe, mwaka wa pili sasa, akisubiri kipuri kimoja tu, na kuku walikuwa wanatagia ndani. Baba aliliangalia gari lile kila siku na kutikisa kichwa. Alijua letu likifa, ndiyo basi, na yeye mgongo wake haukuwa tena wa kubeba magunia sokoni.

Gari letu lilikuwa na ugonjwa wake: joto. Jua likipanda na mikokoteni ikiziba Mtaa wa Msimbazi, lilikosa nguvu na kutoa moshi mweusi mpaka wapita njia wanatutukana. Mimi nilikuwa darasa la sita, na Mwalimu Theopista alikuwa ametufundisha kwamba hewa ikipata moto hutanuka, kwa hiyo kopo lile lile hubeba hewa kidogo. Siku moja nikachungulia chini ya boneti. Chujio la hewa lilikaa chini, ubavuni mwa injini yenyewe, linavuta hewa iliyokwisha kupikwa. Nikamwambia Baba tulihamishie mbele, pale juu karibu na taa panapoingia upepo, halafu tutengeneze bomba la bati la kuleta hewa hiyo mpaka kwenye injini. Baba alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniuliza nirudie.

Mwalimu Theopista aliposikia alifurahi kupita kiasi. Kila mwaka shule yetu ilipeleka mipini ya majembe na vikapu kwenye maonyesho ya elimu ya kujitegemea kule Magomeni, na nadhani mipini ilikuwa imemchosha. Akaliandika jina langu kwenye orodha: bomba la hewa baridi, kazi ya Sitara Awadhi, darasa la sita. Gari lenyewe lingeenda, Baba angefungua boneti, na mimi ningesimama mbele ya watu kueleza. Kuanzia siku hiyo nilitembea shuleni nimeinua kidevu, sifichi.

Baba alinipeleka Gerezani kwa Mzee Safari, fundi bati, mzee wa kutoka Masasi asiyependa maneno mengi. Alinipa makopo matupu ya maziwa, akanifundisha kuyakata na kuyakunja. Akanionyesha jinsi ya kupasha chuma kwenye mkaa na kuyeyusha lehemu, ile risasi laini inayounganisha bati na bati. Lehemu nayo ilikuwa adimu. Alinikatia kipande kimoja na kuniambia kinatosha viungo vyote vitano, ila nisikimwage ovyo.

Nilikimwaga. Viungo vya juu ndivyo vitakavyoonekana boneti ikifunguliwa, nami nilitaka ving'ae. Nikarudia cha kwanza mara tatu, cha pili mara mbili. Nilipofika kiungo cha tano, kile kilichokaa chini ya kona ya bomba, jirani na injini, sikuwa na lehemu hata ya kuzibia tundu la sindano. Ilikuwa Alhamisi. Mzee Safari alikuwa amekwenda msibani Temeke, na maonyesho yalikuwa Jumamosi.

Sasa, madereva wote wa Kariakoo wanajua kwamba tangi la mafuta likitoboka njiani, unapaka sabuni ya mche na safari inaendelea. Baba mwenyewe nimemwona akifanya hivyo si mara moja. Basi nikachukua kipande cha sabuni ya Mama, nikakikandamiza kwenye ule mwanya, nikakilainisha kwa kidole. Juu yake nikapaka masizi niliyoyachanganya na oili. Ukitazama usingejua. Mama alipoulizia sabuni yake nikamwambia panya ameibeba. Nyumba yetu panya walikula sabuni kweli, kwa hiyo aliamini, akaenda kuazima mtego kwa jirani.

Ijumaa Baba alilifunga lile bomba. Kabla hajaingiza spana aliniuliza swali moja tu, kama nimelehemu viungo vyote.

"Vyote vitano, Baba," nilisema.

Hakuinama kuangalia. Alifunga, akawasha, tukazunguka mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, na gari likaenda jepesi, bila moshi. Baba alimsimulia kila dereva aliyekutana naye kijiweni. Mimi nilikula chakula cha usiku bila kukisikia ladha.

Jumamosi tuliondoka saa mbili asubuhi. Mwalimu Theopista alikaa mbele na Baba. Mimi nilikaa nyuma, nimebanwa na vikapu upande huu, mipini ya majembe upande ule, na sanduku la vyungu miguuni. Milango ya nyuma ya gari lile haikufunguka kwa ndani, ilikuwa mpaka mtu akufungulie kutoka nje. Nilikuwa nimeizoea hali hiyo miaka yote, lakini siku ile nilikitazama kile kitasa kila mara.

Mvua ya masika ilitukuta Msimbazi. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika yote kwa pamoja. Wachuuzi walikimbilia barazani na bidhaa zao kichwani, na mitaro ikaanza kufurika. Tulipofika njia panda ya Faya nikasikia sauti ndogo kutoka chini ya boneti, fyuuu, fyuuu, kila Baba alipokanyaga mafuta. Nilijua ni nini hata kabla haijatulia masikioni. Maji yanayorushwa na matairi yalikuwa yanailamba sabuni yangu, na bomba lilikuwa linafunguka.

Baba naye aliisikia. Alisema huenda ni mkanda wa feni umelowa, utakauka. Mwalimu Theopista akageuka kuniuliza nitaanza vipi maelezo yangu mbele ya wageni, na akaniambia nisisahau kutaja kwamba bomba halikutumia hata kipuri kimoja cha kutoka nje. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Nikajiambia ni sauti tu, hewa tu, tufike Magomeni, nitatafuta namna. Jasho lilinitoka na huku mvua inanyesha. Nilikuwa nimekaa na jambo ambalo mimi peke yangu nalijua, na kila mzunguko wa tairi ulilifanya kuwa kubwa zaidi.

Tukashuka kuelekea Jangwani. Bonde lote lilikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Barabara ilipotelea humo na kutokea ng'ambo, na katikati lori moja lilikuwa linapita polepole, likisukuma mawimbi mpaka kwenye majani. Magari mawili madogo yalikuwa yamekwisha geuza. Nikashukuru moyoni, nikadhani na sisi tutageuza. Lakini Baba alipunguza mwendo, akapima kina kwa macho, kisha akatabasamu.

"Hawa machujio yao yako chini," alimwambia Mwalimu. "La kwetu Sitara ameliweka juu kabisa. Maji hayalifikii. Tunapita."

Hapo nilitamani ardhi ipasuke. Baba alikuwa anaingia majini kwa sababu yangu. Niliwahi kumsikia akimweleza dereva mwenzake: injini ya dizeli inabana hewa kwa nguvu sana, na hewa hubanika, lakini maji hayabaniki. Ikimeza maji, vyuma vya ndani vinapinda palepale, na hakuna fundi wala duka la kukusaidia. Nikaliona gari letu juu ya mawe. Nikamwona Baba na gunia mgongoni. Nikaiona pia sura ya Mwalimu Theopista, itakavyokuwa nikifungua mdomo. Matairi ya mbele yakaingia majini.

"Baba, zima gari."

Akaniuliza nina nini, natapika? Nikamwambia tena azime. Alikuwa bado amekanyaga mafuta, maji yanapanda.

"Zima, Baba. Kiungo cha tano si lehemu. Ni sabuni."

Alizima. Ghafla tukawa hatusikii kitu ila mvua juu ya paa na honi nyuma yetu. Baba hakugeuka kunitazama. Aliteremka, maji yakamfika chini ya magoti, akafungua boneti na kuingiza mkono. Aliporudi dirishani alituonyesha kiganja chake. Kilikuwa kimejaa povu.

Vijana wawili wa mkokoteni walimsaidia kutusukuma kurudi nyuma hadi penye kilima. Mwalimu Theopista aliteremka, akavua viatu na kusukuma naye. Mimi mlango wangu haukufunguka, na hakuna aliyekumbuka kunifungulia, kwa hiyo nilikaa humo ndani na mipini ya majembe huku watu wazima wanasukuma uongo wangu mvuani. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Mwisho Baba alinifungulia. Nililia, nikasema yote: lehemu niliyoichezea, masizi, mpaka panya wa Mama. Baba alinisikiliza huku anakausha mikono kwa tambara. Hakunipiga wala kunikaripia, na hilo lilinichoma zaidi. Aliliondoa bomba, akarudisha chujio mahali pake pa zamani, akalikaza kwa kipande cha mpira wa tairi. Akakagua kwa muda mrefu kama kuna maji yaliyoingia. Hayakuwa yameingia. Alipowasha injini ikaitika, naye akaegemeza paji la uso kwenye usukani kidogo kabla hajaondoka.

Maonyesho tuliyakosa. Jumatatu Mwalimu Theopista alilifuta jina langu kwenye orodha mbele yangu, akaandika, "Kazi haijakamilika." Aliniambia neno hilo si tusi, ni taarifa, na laiti ningelitamka mwenyewe siku ya Alhamisi angeiahirisha kazi yangu, basi. Nyumbani Mama alirudisha mtego wa watu. Wiki mbili nilifua sare yangu kwa majani ya mpapai, kwa kuwa sabuni ya kwangu nilikuwa nimekwisha itumia.

Mzee Safari aliporudi kutoka msibani nilikwenda kumweleza. Aliguna tu, akaniambia nifagie karakana mpaka lehemu nyingine ipatikane. Ilipatikana baada ya siku tisa. Nilifungua kona yote, nikasugua sabuni na masizi mpaka bati likawa safi, nikalehemu kiungo cha tano. Hakikung'aa, lakini kilishika. Baba alikuja jioni kulichukua bomba. Mzee Safari akaziba ncha moja kwa tambara, akalijaza maji na kuliinua juu. Tukasubiri. Halikudondosha hata tone, na Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Baba alinyoosha mkono alichukue. Mimi nilikuwa nimepitisha kidole kwenye viungo vyote, kimoja baada ya kingine. Kwenye cha kwanza, kile nilichokirembesha mara tatu, kidole kilitoka na unyevu.

"Mzee Safari, hapa panatoa maji," nikasema. "Kidogo, lakini panatoa."

Alilisogeza bomba kwenye mwanga, akakunja uso. Ilikuwa kweli, ufa mwembamba kama unywele. Akanung'unika kwamba mkaa ulikuwa umeanza kuzima na yeye alitaka kwenda nyumbani. Nikamtazama Baba nikidhani naye amechoka nami. Baba alivuta kigoda, akakaa, akaniambia nikae na mimi.

"Jumamosi ile ulikaa na kosa lako nyuma ya gari, milango imefungwa," alisema. "Ulijiona uko peke yako humo, lakini hukuwa peke yako. Ulikuwa umetupakia mimi na mwalimu wako bila kutuambia. Mtu akikosea akasema kazi ikiwa bado mezani, kila mwenye mkono atamsaidia. Akificha, anawapandisha na wenzake. Leo umesema mapema, mwanangu, ndiyo maana tumekaa kwenye vigoda na si ndani ya maji."

Mzee Safari aliongeza mkaa kwenye jiko lake, akapuliza mpaka ukashika. Kisha akanipa chuma.