Ukuta Ulionyimwa Pumzi

Saruji ya siku nne haitoi jasho. Fundi yeyote anajua hilo, hata wale wa kubahatisha. Lakini asubuhi ile ukuta wa kushoto wa kanisa ulikuwa umelowa pale usawa wa kifua cha mtu, na fundi alipoweka kiganja aliukuta wa moto, kama mgonjwa wa homa.

"Unyevu tu," akajiambia. Mwongo huyo! Alijua fika.

Kanisa lenyewe lilikuwa kongwe kuliko nyumba zote za mjini. Lilikuwa na minara miwili, mmoja mfupi kuliko mwenzake, nguzo nane kila upande, na matao marefu yaliyochongoka kukutana juu kabisa, hadi ukitazama unaumwa shingo. Madirisha yake ya vioo vya rangi yalimwaga wekundu na buluu sakafuni jua likipanda. Na kuta zake nene zilikuwa za mawe na chokaa, bila hata kijiko cha saruji.

Mtunza kanisa alikuwa bibi mmoja mkali wa maneno. Walimwita Bibi Funguo kwa lile shada la funguo lililomning'inia kiunoni. Siku ya kwanza tu alimwambia fundi, "Mwanangu, kwingine fanya utakavyo. Ila ukuta huu wa kushoto ni chokaa tupu. Mama yangu aliupaka kila mwaka, na mimi naupaka. Huu unapumua. Usiuzibe."

"Usijali, bibi. Marehemu baba alikuwa fundi wa chokaa, nimekulia humo."

Sasa, chokaa inataka subira. Unapiga mkono wa kwanza, tabaka jembamba, unangoja wiki nzima, ndipo unapiga wa pili. Na sherehe ya jubilei ilikuwa imebaki wiki mbili. Mkandarasi, ambaye watu walimbandika jina la Chapchap, akaja juu.

"Wewe unakarabati kanisa au unaatamia mayai? Piga saruji, paka rangi juu. Nani atajua?"

Fundi akachukua mwiko akapiga saruji. Hakubisha hata neno moja, na hapo ndipo ninapomkasirikia, maana mdomo alikuwa nao.

Basi siku hiyo ya nne, saa sita mchana, harufu ya chokaa inayochemka ikajaa kanisani, na hakuna aliyekuwa amekoroga chokaa. Kisha ikasikika sauti ya mtu akivuta hewa kwa shida, akivuta, akivuta, asiipate.

"Bibi, umesikia?" fundi akanong'ona.

"Nimesikia. Umeuwekea nini ukuta wangu?"

Kabla hajajibu, simu ikaita. Alikuwa mkewe. "Baba Binti, njoo hospitali. Mtoto hapumui!"

Binti yao alikuwa na miaka tisa, mtoto wa pekee, hajawahi kuugua kifua. Daktari alimpima akampima tena. "Mapafu ni safi," alisema. "Sijui hewa inazuiwa na nini." Mtoto alikohoa vumbi la kijivu kwenye kitambaa. Akamvuta baba yake shati.

"Baba," akanong'ona, "nimesimama mahali pembamba. Siwezi kugeuka. Kuna mtu nyuma yangu anauliza nani amefunga."

Fundi alirudi kanisani mbio, machozi yanamtoka hadharani, akampigia magoti Bibi Funguo. Bibi akampa ukweli wote bila kumpakia asali. Wakati wa ujenzi, ukuta ule uliporomoka ukamfukia fundi mkuu. Siku tatu alisikika akiita. Padri wa enzi hizo akaamuru kazi iendelee, kwa kuwa askofu alikuwa njiani kuja kufungua kanisa.

"Wakamjengea mle akiwa hai?"

"Akiwa hai! Wenzake mwenyewe, kwa mikono yao. Wengine wanasema jini lilivutwa na kilio chake likahamia humo, wengine wanasema ni yeye. Mimi sijui. Mimi humpaka chokaa nyepesi nikamwomba radhi, na miaka yote hakumgusa mtu."

Bibi akatoka nje kwenda kumwombea mtoto, naye fundi akashika nyundo na tindo. Akapiga, na saruji ikalia kama chuma bila kumeguka hata punje, akapiga tena huku ile harufu ikimwunguza koo na mikono ikichuruzika damu, akapiga huku akiona mwanawe kitandani na midomo inayogeuka rangi, akapiga hadi ukuta ukaanza kuvimba na kunywea mbele ya macho yake na sauti kavu, ya mtu aliyenyamaza miaka mingi, ikamwuliza sikioni kabisa, "Nani amenifunga?"

"Chapchap!" fundi akapayuka. "Mkandarasi! Yeye ndiye aliyeamuru!"

Saruji yote ikaanguka kwa mpigo mmoja.

Simu ikaita. Mkewe alikuwa analia na kucheka. "Anapumua! Ameomba maji!"

Jioni hiyohiyo Chapchap alikutwa ofisini kwake, madirisha wazi, feni inazunguka, mdomo umeachama. Kooni mlikuwa na saruji iliyoganda. Fundi alikwenda mazishini, akainamisha kichwa kama watu wengine, na moyoni alishukuru. Ndiyo, alishukuru. Mzazi gani asingeshukuru?

Jubilei ikaahirishwa. Fundi akarudi na chokaa, safari hii kwa adabu zote, Bibi Funguo akimkorogea.

"Ulimwambia nini hata akakuachia mtoto?" bibi aliuliza.

"Nilimwomba radhi," akajibu, bila kumtazama.

Alipomaliza mkono wa kwanza, bibi akaenda kuchota maji. Fundi akaweka sikio ukutani. Kulikuwa na pumzi ya polepole, ya mtu aliyezoea kungoja. Na kando yake kulikuwa na pumzi nyingine, ya haraka haraka, inayohema.

"Nimepata mwenzangu," ile sauti kavu ikasema, taratibu, bila hasira. "Tumezungumza. Anasema yeye alitoa neno tu. Mwiko ulikuwa mkononi mwako."

Simu ikaanza kuita mfukoni.

"Ni mimi!" fundi akapiga kelele, akiuparua ukuta kwa kucha. "Ni mimi niliyefunga! Nichukue mimi, mwache mwanangu!"

Ukuta ukavuta pumzi, ndefu, ya kutosha.

"Nilikuuliza," ikasema. "Nilikuuliza mapema."

Simu ikaendelea kuita.