Marahaba ya Mama Magreth

"Unakuja wapi tena, mwanangu?" Mama Magreth aliuliza kwenye simu. "Si tumeongea asubuhi yote, mimi na wewe, hapa hapa nyumbani?"

Leonidas alikuwa hajampigia mama yake tangu Pasaka, na sasa Krismasi ilikuwa inanukia. Alikuwa amepiga kumwambia kwamba amemaliza chuo huko Poland na anarudi nyumbani Unyambwa, Singida. Alidhani bi mkubwa amechanganyikiwa kidogo. Akacheka, akaaga, akaendelea kupanga begi.

Mwaka wa kwanza alipiga kila siku kumpa mama shikamoo, kama alivyoahidi siku ya kuondoka. Halafu akaizoea baridi, akapata marafiki, akawa anasonga ugali wa unga wa ngano jikoni mwa bweni huku simu ikitetemeka mezani na jina la mama likiwaka. Akipokea, ni "nitakupigia baadaye, mama". Ubize gani huo? Ulikuwa uvivu mtupu, uvivu wa mtu anayedhani mama hachoki kumsubiri.

Jioni moja alikuwa kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya bweni, na simu ikaita, ikaita, ikaita tena. Akaropoka peke yake: "Angekuwepo basi mtu wa kunipokelea!"

"Haya," ilisema sauti nyuma ya mashine. Kwa Kiswahili.

Aligeuka, hakuona mtu. Akabeba nguo zake mbichi, akapanda ngazi mbio. Tangu jioni hiyo simu ya mama haikuita tena, na yeye, Mungu amsamehe, alishukuru.

Alipofika Unyambwa mchana wa jua kali, kitu cha kwanza kilichompokea ni harufu. Nguo mbichi na sabuni ile ile ya bwenini, ndani ya nyumba ya mama yake. Mlangoni mwa chumba chake cha zamani palikuwa na sahani ya ugali wa uwele na mlenda, imeshaliwa nusu.

Mama alikuwa kwenye kiti, mkono wa kushoto umelala pajani kama si wake. "Punguza sauti," alimwambia. "Mwenzio amepumzika."

Dada yake, Happiness, alimvuta hadi jikoni. "Mama alipopata kiharusi tulikupigia, kaka. Mara tatu! Hukupokea," alinong'ona. "Jioni ile ile tukasikia unampa shikamoo kutoka chumbani kwako. Sauti yako kabisa. Mama akaitikia. Mpaka leo ni kila siku, anaongea naye, anamliwaza, anamwimbia. Mimi mlango ule siugusi."

Wakamwita Mzee Idrissa, mtabibu kutoka Mtinko. Alifukiza ubani, akasoma dua weee, na kutoka chumbani hakikutoka kitu ila kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha Leonidas.

"Huyu jini hakutumwa na mtu," mzee alisema, jasho likimtiririka. "Alitoa shikamoo, akapewa marahaba. Mama ndiye aliyemfanya mwana, na wa kumtoa ni mama tu. Wote wawili wamsalimie. Mama, itikia mmoja. Atakayenyimwa marahaba hana kwao hapa, ataondoka."

Leonidas alipiga magoti mbele ya kiti. "Shikamoo, mama."

Harufu ya nguo mbichi ilizidi, ikamjaa puani na kooni, na nyuma yake akasikia kitasa kikizunguka taratibu, na ubaridi ule wa bwenini, ambao hakuna mtu wa Singida aliyewahi kuusikia mchana wa jua, ukatambaa sakafuni mpaka kwenye magoti yake, na alipotaka kugeuka shingo ikagoma, na sauti yake mwenyewe, lakini yenye upole ambao yeye hakuwahi kuwa nao, ikasema karibu kabisa na sikio lake:

"Shikamoo, mama. Umelalaje? Mkono bado unauma?"

Happiness alijiziba mdomo. Mama alimtazama Leonidas kwa muda mrefu, machozi yakimtoka, na Leonidas akaona kwamba mama yake hakuchanganyikiwa hata kidogo.

"Najua wewe ndiye niliyekuzaa," alisema. "Na huyu najua siye. Lakini nilipoita, ni huyu aliyeitika."

Kisha akainua macho, akatazama juu ya bega la mwanawe.

"Marahaba, baba."

Mzee Idrissa alifunga ubani wake bila kuaga. Leonidas aliona miguu yake mwenyewe ikisimama yenyewe, ikitoka yenyewe, na uchungu aliokuwa nao haukumpa hata nafasi ya kulia mpaka alipokuwa barabarani na begi lake. Hapo ndipo alipochomoa simu mfukoni, akampigia mama.

Ilipokelewa mara moja.

"Mama!" alilia. "Mama, nisamehe!"

"Amepumzika," ilijibu sauti yake, taratibu, kwa adabu zote. "Atakupigia baadaye."