Chumba Kisicho na Mlango

Kadi ya kompyuta ilikuwa na joto. Mchoraji wa ramani za nyumba aliitoa kwenye boksi la duka, akaigeuza kiganjani, akahisi uvuguvugu kama wa kitu kilichotoka kubebwa kifuani, na wala haikuwa imechomekwa popote tangu asubuhi.

"Irudishe," mkewe akasema.

"Jua la njiani hilo," akajibu, ingawa nje mvua ilikuwa ikinyesha.

Kompyuta yao, aliyoitumia kuchora nyumba za watu, ilikuwa imezeeka. Ilikwama kila alipogeuza paa. Kununua mpya hawakuweza, kwa hiyo fundi wa duka alikuwa amemshauri kwa huruma: prosesa bado nzima, aiache, aongeze kumbukumbu ya RAM, aweke diski ya kasi, na kwa fedha itakayobaki achukue kadi mpya ya picha, ile inayoendesha michoro, ndogo lakini ya kuaminika. Mchoraji aliitikia kila neno. Kisha macho yake yakaangukia kadi kubwa iliyotumika, yenye feni tatu, ikiuzwa bei sawa na ile ndogo. Fundi alikiri kwamba wateja wawili walikwisha kuirudisha na hakuna aliyesema sababu. Mkewe akamnong'oneza kuwa rahisi ni ghali, lakini mwanamume akishapenda kitu dukani, shauri la mke huwa kelele za feni tu.

Basi akaifunga kadi ndani ya kompyuta, akawasha. Kompyuta ikafanya kazi vizuri mno. Ili kuijaribu alifungua ramani ya nyumba yao wenyewe, aliyoijua mpaka nyufa zake. Kati ya chumba chake cha kazi na chumba cha binti yao, Kidosho, mahali penye ukuta mmoja tu, palikuwa pamechorwa kijichumba kisicho na mlango.

Akakifuta. Kikarudi. Akafuta tena, kikarudi. Akajiambia ni mchoro wa zamani uliosahaulika humo. Sasa, kwa wachoraji chumba bila mlango ni aibu. Wakaguzi walikwisha kumrudishia kazi kwa kosa hilo hilo, na mkono wake ulikuwa umeshika adabu. Kabla hajafikiri, ukaweka mlango, ukifungukia upande wa Kidosho.

Harufu ilianza mchana ule ule, ya nywele zilizoungua.

"Baba," Kidosho akasema wakati wa kula, "yule mama wa ukutani anasema ahsante."

Mchoraji aliacha kula. Alikwenda kuweka sikio ukutani, akasikia kucha zikipapasa taratibu upande wa ndani, zikishuka, zikipanda, zikisimama pale hasa alipokuwa amesimama yeye, na alipohamia pembeni zikamfuata, na alipozuia pumzi akasikia pumzi nyingine, nzito, ya mtu aliyekaa sana mahali pasipo hewa na sasa anaijaza kifuani kwa raha.

Mkewe hakumlaumu. Alimwita shangazi yake, mganga wa majini, naye akaja na mvua yake mabegani. Alinusa ukuta, akarudi nyuma.

"Mkwe," akasema kwa sauti ya chini, "jini huyu hakuvunja. Kafunguliwa. Nani kamfungulia?"

Mchoraji alimwonyesha ramani na mlango aliouchora, akamweleza na habari ya kadi.

"Ufute mlango huo kwanza, ndipo uing'oe kadi. Lakini angalia, kila mtu wa nyumba hii awe upande wetu. Ukishaufuta haufunguki tena. Mtoto yuko wapi?"

"Ninaye, shangazi," mkewe akajibu kutoka sebuleni. "Nimempakata. Amejificha kifuani kwangu, masikini, anaogopa."

Mchoraji akaufuta mlango. Safari hii kijichumba nacho kikatoweka, ukabaki mstari mnyoofu wa ukuta. Akaing'oa kadi, na shangazi akaipondaponda kwa nyundo pale pale sakafuni hadi ikawa vipande. Harufu ikaisha. Mchoraji alilia kwa furaha bila kuona haya, akaenda sebuleni kuwakumbatia watu wake.

Hakuwafikia. Nyuma yake, ndani ya ukuta, mtoto aligonga kwa kiganja.

"Mama? Mbona giza? Nilikwenda kumtembelea tu. Nifungulieni."

Ilikuwa sauti ya Kidosho. Shangazi alivitazama vipande sakafuni, akajifunika uso kwa kanga. Mchoraji aliurukia ukuta akaanza kuupiga kwa ngumi, kisha kwa nyundo, na kila tofali lililoanguka lilionyesha chumba cha pili tu, kitanda kitupu na viatu vidogo chini yake.

Sebuleni mama alikuwa hajasogea. Aliyempakata hakuinua uso. Aliikaza tu mikono yake shingoni mwa mama, kwa mapenzi, akasema:

"Usimsikilize, mama."